Ndege Amejikunyata: Kufuatilia Magonjwa ya Kuambukiza kwa Kasuku na Njiwa wa Kufugwa

Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Kasuku au njiwa unayemkuta asubuhi amejikunyata pembeni, manyoya yametuna, macho ameyafumba nusu, mara nyingi hakuanza kuumwa jana. Alikuwa anajikaza. Mfugaji hana muda wa kubahatisha, na hapo ndipo wengi wanapobahatisha: mkono unakwenda moja kwa moja kwenye pakiti ya OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini), kijiko kimoja kwenye maji ya kunywa, kisha kusubiri.

Dawa hiyo inaharibu mambo matatu kwa mkupuo mmoja. Ndege mgonjwa hunywa kidogo, kwa hiyo hapati dozi ya kumponya. Bakteria waliomo hudhoofishwa bila kuuawa, na sampuli ikifika maabara haioti kitu. Na kama tatizo lilikuwa kirusi, fangasi au kimelea cha kooni, siku tatu nne zimepotea huku wenzake wakinywa chombo kilekile. Mtenge kwanza, mtazame, mpime uzito, chukua sampuli, ndipo dawa ifuate. Kwa siku hizo mweke kwenye tundu lenye joto la nyuzi 28 hadi 32, kwa balbu iliyowekwa nje ya tundu upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi asogee.

Kabla hujamshika

Mtazame kwa mbali kwa dakika kumi, maana akikuona karibu atajifanya mzima. Angalia mkia: ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, anatumia nguvu kupumua. Angalia kama anapumua kwa mdomo wazi ilhali hakuna joto. Halafu mshike bila kumbana kifua. Ndege hana msuli wa kiwambo kama wetu. Hupumua kwa kutanua kifua, na ukikibana unamnyima hewa. Ukimwachia, pumzi irudi kawaida ndani ya dakika mbili au tatu. Isiporudi, usimshike tena siku hiyo bila daktari.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja ina faida kuliko dawa nyingi za kabatini. Kasuku wa kijivu mzima huwa na gramu 400 hadi 500 hivi, njiwa wengi wa kufugwa wako kati ya 300 na 500, na lavubedi, wale kasuku wadogo wa asili ya Tanzania, ni kama gramu 50 tu. Namba ya maana lakini ni ya ndege wako mwenyewe: mpime asubuhi kabla hajala, uandike. Akipoteza asilimia 10 ni mgonjwa hata kama anaimba. Kwa lavubedi hizo ni gramu tano, ambazo jicho haliwezi kuziona chini ya manyoya. Papasa pia mfupa wa kidari: ukichomoza kama makali ya kisu, nyama imekwisha pande zote mbili.

Kinyesi kikaguliwe juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, siyo juu ya maranda. Kina sehemu tatu: kinyesi chenyewe cha kijani au kahawia, sehemu nyeupe kama chokaa, na maji safi. Jiulize ni ipi iliyobadilika. Maji yakiongezeka peke yake huku kinyesi kikibaki na umbo lake, huko si kuhara; ni mkojo mwingi, na unaweza kutokana na papai alilokula, hofu, figo, au virusi vya njiwa tutakavyovieleza. Sehemu nyeupe ikigeuka njano au kijani, fikiria ini. Kinyesi chenyewe kikikosa umbo, hapo ndipo anahara kweli. Kinyesi kidogo cheusi cha kijani, chembamba, kinasema jambo moja tu: ndege hali chakula.

Kitu cha njano kooni

Njiwa anameza kwa taabu, anatikisa kichwa, gole, ule mfuko wa chakula shingoni, limejaa na haliteremshi, mdomo unanuka. Ukimfungua mdomo na kumulika tochi unaona uvimbe wa njano kama jibini umeshikamana na kuta za koo. Kwa njiwa, mtuhumiwa wa kwanza ni trikomona, kimelea cha chembe moja kiitwacho Trichomonas gallinae. Njiwa wakubwa wengi hukibeba bila kuumwa na kuwapa makinda pamoja na maziwa ya gole siku za mwanzo kabisa. Ndiyo maana kinda la wiki mbili hufa wakati wazazi wake wanaonekana wazima.

Usiubandue uvimbe huo kwa kijiti. Umeota ndani ya nyama karibu na mishipa mikubwa ya damu, na njiwa anaweza kuvuja damu hadi kufa mkononi. Thibitisha kwa hadubini, kazi ambayo mtu yeyote mwenye hadubini ya shule anaweza kuifanya:

1. Pasha maji ya chumvi ya hospitali, yale ya asilimia 0.9, yawe vuguvugu la mwili. Yakiwa baridi kimelea kinaacha kucheza, na kikiacha kucheza hutakitambua.
2. Lowesha swabu, yaani kijiti cha kuchukulia sampuli, ipitishe kooni hadi ndani ya gole, izungushe polepole.
3. Ikamue kwenye kioo, ongeza tone la maji yaleyale, funika kwa kioo kidogo.
4. Tazama papo hapo, ndani ya dakika chache, kwa ukuzaji wa mara 100 kisha 400, mwanga ukiwa umepunguzwa.

Trikomona huonekana kama tone dogo linalotetemeka na kujirusharusha bila mwelekeo. Chembe nyeupe za damu zina ukubwa wa karibu nao lakini zimetulia. Usipoona kitu mara ya kwanza, rudia kesho yake asubuhi kabla hajala. Sampuli iliyosafirishwa saa mbili kwenye bodaboda haina maana kwa kipimo hiki. Mpeleke ndege, si kijiti.

Kuna mengine matatu yanayofanana. Fangasi wa kandida hutandaza utando mweupe laini kama taulo, hasa kwa kinda la kasuku linalolishwa kwa mkono au ndege aliyekaa na antibiotiki muda mrefu; kwenye hadubini ni chembe za hamira zinazochipua. Ndui ya aina ya kooni nayo hutoa tando za njano, ila ukitafuta utakuta vigaga vya ndui kwenye kope au miguu ya ndege huyo au jirani yake. Ya tatu haiambukizi kabisa: kasuku aliyelishwa alizeti miaka yote hukosa vitamini A, akaota vipele vyeupe pembeni mwa ulimi na kwenye mpasuko wa paa la mdomo. Huyu apewe karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mchicha, maana hata ukimpa dawa ya trikomona mwezi mzima hatapona.

Dawa ya trikomona ni ya kundi la metronidazo. Kanidazo hutolewa miligramu 10 mara moja kwa njiwa mkubwa na 5 kwa mchanga. Penye metronidazo pekee, hesabu ya kawaida ni miligramu 50 kwa kilo kwa siku, siku tano. Saga kidonge cha miligramu 200 kwenye mililita 10 za maji, tikisa vizuri kila mara kwa sababu haiyeyuki yote. Mililita moja ina miligramu 20, ambayo ndiyo dozi ya njiwa wa gramu 400. Daktari wa mifugo aithibitishe kwa uzito wa ndege wako. Ukizidisha, ndege ataanza kupepesuka, na utadhani amepata ugonjwa mwingine. Njiwa wa kitoweo asipewe: katika nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, dawa za kundi hili zimekatazwa kwa mnyama wa kuliwa. Tibu wazazi wote wawili kabla hawajataga, na vyombo vya maji vioshwe na kukaushwa juani kila siku. Kimelea hiki hakina ganda la kujikinga, kwa hiyo ukavu unakiua.

Njiwa anapinda shingo

Hapa ndipo watu hupoteza banda zima. Shingo imepinda, kichwa kimegeuka juu chini, njiwa anazunguka papo hapo au anarudi kinyumenyume. Kabla hujaamua lolote, mwage punje ishirini za mtama sakafuni na umwangalie akila. Mwenye virusi vya paramiksi vya njiwa atadonoa kando ya punje, au ataikamata kisha kuirusha nyuma ya mgongo. Hamu ya kula anayo. Shabaha ndiyo imepotea.

Virusi hivi ni ndugu wa kideri cha kuku, aina iliyozoea njiwa, vilivyotokea Mashariki ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970 na kufika Ulaya mwaka 1981. Dalili ya kwanza siyo shingo, ni maji. Siku kadhaa kabla ya kichwa kugeuka, sakafu ya banda hulowa: dimbwi la maji safi na katikati yake uzi mwembamba wa kinyesi. Mfugaji anayeiona hatua hiyo na kuwatenga ndege siku ileile ana nafasi ya kuwaokoa wengine. Sampuli ni swabu mbili kwa kila ndege, moja ya koo na moja ya tundu la haja, za kipimo cha PCR, kile kinachosaka chembe za urithi za kirusi au bakteria, na zitoke kwa ndege walioanza karibuni. Aliyepinda shingo wiki tatu zilizopita huenda ameshaacha kutoa virusi. Kipimo cha damu cha kingamwili kina maana kwa ndege ambaye hajawahi kuchanjwa tu.

Wasichinjwe haraka. Wengi hupona wakilishwa kwa mkono na kupewa chombo kirefu cha nafaka ambacho hata mdomo usio na shabaha utaangukia chakula, ingawa shingo huchukua wiki au miezi kunyooka. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Ipo chanjo: iliyouawa, ya mafuta, mililita 0.2 hadi 0.25 kutegemea chapa, chini ya ngozi ya nyuma ya shingo, theluthi ya chini, sindano ikielekezwa mgongoni na kubaki katikati kabisa. Shingo ya njiwa imejaa mtandao wa mishipa ya damu ndani ya ngozi, na sindano iliyokwenda pembeni au juu inaweza kumwua papo hapo. Matone ya chanjo ya kideri ya kuku hayampi njiwa kinga ya kutegemewa kama hiyo.

Sasa, wanaofanana naye. Salmonela pia hupindisha shingo ikifika kwenye ubongo, lakini huacha alama nyingine bandani: kiwiko cha bawa kimevimba na ni cha moto, njiwa anabeba bawa chini au anasimama mguu mmoja, kinyesi ni cha kijani na kamasi, vijusi vinakufa ndani ya mayai, makinda wanakufa kiotani. Kimiminika cha kiungo kilichovimba, kikivutwa na daktari kwa sindano safi, ndicho sampuli bora. Ukitumia kinyesi, kusanya cha siku tano kwenye kichupa kimoja ndani ya friji, kwa sababu bakteria hawa hutoka kwa vipindi na kinyesi cha siku moja kinaweza kukudanganya. Omba maabara ijaribu dawa gani inawaua. Salmonela ya njiwa humwambukiza binadamu. Mtoto asiokote mayai bila kunawa.

Ndege mmoja tu akipinda shingo, wenzake wote wazima, kinyesi kijani na anatapika, fikiria sumu ya madini ya risasi: rangi ya zamani, vizito vya nyavu, vipande vya solda, vizito vya mapazia. Kwa kasuku anayetafuna kila kitu hili ni la kwanza kuchunguzwa, kwa picha ya eksirei na kipimo cha risasi kwenye damu. Na uliza kama alipewa dawa ya trikomona wiki hiyo.

Kinyesi cha kijani, jicho linalotoa maji, pumzi nzito

Kasuku aliyenunuliwa wiki chache zilizopita, amepoa, hataki kula, sehemu nyeupe ya kinyesi imegeuka kijani cha ndimu, pua inatoka maji. Njiwa mwenye jicho moja jekundu lililovimba na kutoa machozi, la pili zima. Wote wawili washughulikiwe kama wana klamidia, bakteria aitwaye Chlamydia psittaci, mpaka ithibitike vinginevyo, kwa sababu hii ndiyo inayoruka kwa mtu. Mlipuko wa 1929 hadi 1930 ulisambazwa Ulaya na Marekani na kasuku wa Amazon waliosafirishwa kutoka Amerika Kusini, na watu wengi walikufa.

Binadamu huipata kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu au la manyoya. Homa, kichwa kuuma sana na kikohozi kikavu huanza baada ya siku 5 hadi 14 hivi. Kwetu homa hupewa jina la malaria haraka, na kipimo cha malaria kikiwa safi huitwa taifodi. Mwambie daktari waziwazi: nafuga kasuku, nafuga njiwa. Asipojua hatafikiria, na dawa ya kawaida ya nimonia inaweza isifae. Unaposafisha banda lenye ndege wa namna hii vaa barakoa ya N95, siyo ya kitambaa, na loweka kinyesi kwa maji yenye dawa kabla ya kukikwangua. Usifagie kikavu kamwe.

Sampuli ya klamidia huchukuliwa kwa swabu moja inayopita sehemu tatu kwa mpangilio huu: ndani ya kope la chini, mpasuko wa paa la mdomo, mwisho tundu la haja. Ukianza na haja unapeleka uchafu jichoni. Bakteria huyu naye hutoka kwa vipindi, kwa hiyo jibu la PCR "hakuna" kutoka swabu moja halimsafishi ndege. Ongeza kinyesi kilichokusanywa siku tatu hadi tano. Jibu "yupo" linatosha kuanza tiba.

Tiba ni doksisiklini kwa siku 45. Wengi huacha siku ya kumi ndege anapochangamka, na ugonjwa unarudi kwa nguvu. Jambo la pili linaloiharibu ni kalsiamu: mfupa wa ngisi, changarawe za maganda ya chaza, chokaa, vyote viondolewe kipindi chote, maana kalsiamu huifunga dawa tumboni ikapita bila kuingia mwilini. Dozi hutofautiana kati ya aina na aina ya kasuku. Hii iandikwe na daktari.

Pumzi nzito bila macho wala kinyesi cha kijani ina njia nyingine. Kasuku wa kijivu aliyebadilika sauti, aliyeacha kusema au anayekoroma, huenda ana donge la fangasi wa aspajila kwenye koromeo la chini. Fangasi hii haitoki ndege kwa ndege. Inatoka kwenye karanga zenye ukungu, mahindi yaliyovunda, maranda yenye unyevu. Hugunduliwa kwa eksirei au kamera ndogo, na mapema tu. Na kasuku aliyeanguka ghafla wakati kikaango kisichoshika chakula kimeachwa motoni amevuta sumu, hana maambukizi.

Manyoya yanaharibika

Swali moja linapunguza nusu ya kazi: manyoya ya kichwani yakoje? Kasuku anayejinyonyoa mwenyewe kwa upweke au ngozi kuwasha hawezi kujifikia kichwani. Kifua kitupu na kichwa kizima, basi mtazame mwenzake wa tundu, chakula, mazingira. Lakini kichwa nacho kikiwa kimeharibika na hakuna ndege mwingine wa kumnyonyoa, au manyoya mapya yanatoka yamebanwa shingoni kwenye shina, yamejikunja, yana damu kavu ndani, fikiria virusi vya mdomo na manyoya, ambavyo ni sirkovirusi. Kwa kasuku wa kijivu, manyoya mekundu yanayochomoza kwenye mwili uliopaswa kuwa wa kijivu yanatosha kuomba kipimo, ingawa yanaweza kuwa na sababu nyingine pia. Kinda la kijivu huweza kufa kabla unyoya wowote haujaharibika: anatapika, anapauka, chembe nyeupe za damu zinaporomoka, ini linakufa, siku chache amekwenda.

Chukua matone machache ya damu na manyoya mawili matatu yanayokua, yang'olewe na shina lenye damu, yatiwe kwenye bahasha safi. Unyoya uliookotwa sakafuni haufai; vumbi la virusi vya jirani limeshauchafua. Badili glavu kati ya ndege na ndege. Kasuku mwenye dalili na jibu "vipo" ana ugonjwa. Asiye na dalili, mtenge na umpime tena baada ya siku 90. Baadhi huvishinda virusi vyenyewe, na kumwua mapema ni kumwonea. Lavubedi wanaweza kuvibeba wakiwa wazuri wa kutazama, hivyo mtu anayeweka lavubedi na kijivu chumba kimoja anajitafutia shida.

Anakula lakini anakonda

Kasuku anaonekana anakula siku nzima, mbegu nzima nzima zinatoka kwenye kinyesi, mfupa wa kidari unachomoza. Kwa lavubedi na kasuku wadogo wa Australia, angalia kwanza kinyesi kibichi kwa ukuzaji wa mara 400: vijiti virefu vilivyonyooka, vyenye urefu wa maikromita 20 hadi 80, ni Makrorabdasi, fangasi wa tumbo ambaye hutibiwa kwa amfoterisini B ya kunywa. Antibiotiki haimgusi. Kwa kijivu na kasuku wakubwa, mbegu nzima pamoja na kupepesuka huelekeza kwenye bornavirusi, iliyogunduliwa mwaka 2008. Hapo kipimo kimoja hakitoshi: damu, swabu ya haja na picha ya tumbo lililonyweshwa dawa ya kung'arisha eksirei vyote vinahitajika, na jibu lisilo na virusi lirudiwe.

Kwa njiwa anayekonda anza na minyoo na koksidia, vimelea vya chembe moja vya utumbo. Yeyusha chumvi ya mezani kwenye lita moja ya maji moto mpaka igome kuyeyuka, kama gramu 400. Koroga gramu 3 za kinyesi kwenye mililita 40, chuja kwa kichujio cha chai, jaza kichupa kidogo hadi ukingoni, kifunike kwa kioo chembamba dakika 15 hadi 20, kisha weka kioo hicho kwenye hadubini. Yai la duara-dufu lenye ganda nene ni la askaridi. Lenye umbo la limau na kizibo kila ncha ni la kapilaria, ambayo dawa ya minyoo ya piperazini haiiui. Vijiduara vidogo vingi ni koksidia. Vichache kwa njiwa mchangamfu si ugonjwa. Usimpe njiwa fenibendazo ya kuku au mbuzi: inaharibu uboho wa mifupa na manyoya yanayokua, na imeua njiwa wengi waliokuwa na minyoo michache tu.

Mdomo wa ndani uliopauka, na inzi bapa wa kahawia wanaokimbia katikati ya manyoya, vinaashiria Haemoproteus, malaria ya njiwa. Huonekana kwenye kioo cha damu kilichopakwa rangi ya Giemsa. Lakini tahadhari hapa: kwenye mabanda ya kwetu njiwa wengi wazima wanayo. Kuiona si kuthibitisha kwamba ndiyo inayomkondesha. Endelea kutafuta, huku ukiwaua inzi hao viotani.

Vigaga kwenye kope, mzizi wa mdomo na miguu baada ya mvua, mbu wakiwa wengi, ni ndui. Usivibandue. Huisha vyenyewe kwa wiki tatu au nne, na chandarua cha banda hufanya kazi kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Kuchukua na kupeleka sampuli

Swabu iwe ya nyuzi za plastiki na mpini wa plastiki. Pamba yenye mpini wa mti huweza kuzuia PCR. Ya bakteria itiwe kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhia, Amies. Ya PCR ibaki kavu kwenye kichupa safi. Damu isizidi asilimia 1 ya uzito wa ndege mzima, na kwa mgonjwa nusu ya hapo: lavubedi wa gramu 50 akiwa mgonjwa ni robo mililita, basi. Andika aina ya ndege, umri, tarehe dalili zilipoanza, wangapi wameugua kati ya wangapi, na kila dawa aliyopewa, hata ile unayoona aibu kuitaja.

Kideri, salmonela na uchunguzi wa mzoga ni kazi za maabara za mifugo za serikali na vyuo: Wakala wa Maabara ya Veterinari Temeke na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro kwa Tanzania, Kabete kwa Kenya, Makerere kwa Uganda. Piga simu kabla ya kwenda kuuliza kipimo unachotaka, siku wanayokifanya na aina ya kichupa. Kwa virusi vya kasuku huenda sampuli ikalazimika kwenda nje, na hapo kumbuka kwamba kasuku wa kijivu yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017. Damu na manyoya yake yanayovuka mpaka yanahitaji kibali, kama anavyokihitaji ndege mwenyewe.

Akifa, mloweshe kwa maji ya sabuni ili vumbi la manyoya lilale na mwili upoe, mtie kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke kwenye friji isiyogandisha, na afike maabara ndani ya saa 24 na pakiti za barafu pembeni. Ukimgandisha, chembe zinapasuka na mpimaji haoni kitu. Wakifa wengi ndani ya siku moja au mbili, usifungue mzoga wowote, usihamishe ndege wala yai, mwite afisa mifugo wa kata: kideri na mafua ya ndege ni magonjwa ya kutolewa taarifa.

Tundu lioshwe kwanza kwa sabuni na brashi mpaka uchafu utoke, maana kinyesi huimaliza nguvu klorini. Kisha klorini ya kufulia, mililita 30 kwa lita ya maji, iachwe dakika kumi, isuuzwe, ikaushwe juani, ndege wote wakiwa wametolewa kwa sababu mvuke wake unachoma mapafu yao. Klamidia na salmonela hufa hapo. Sirkovirusi ni sugu zaidi, kwa hiyo vijiti vya kutulia, viota na vitu vya mbao alivyotumia kasuku huyo vichomwe moto. Ndege mpya akae siku 30 hadi 45 katika chumba chake, na vyombo vyake, akihudumiwa wa mwisho kila siku, na swabu zake zichukuliwe wiki ya kwanza, siyo ya mwisho, ili majibu yarudi kabla hajachanganywa na wenzake.